Vifo vinne, kisha viwili: je, mafunzo yetu yamefaulu?

Swali: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya, komini ya Katuba hapa Lubumbashi. Pamoja na reko wetu, yaani wahudumu wa afya wa kujitolea mtaani, tumefundisha watu zaidi ya mia moja namna ya kumtambua na kumsaidia mtu aliyezidiwa na tramadoli, ile dawa ya maumivu, au dawa nyingine za jamii ya afyuni. Karibu wote walifaulu mtihani wa mwisho. Naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya afyuni na kurudisha pumzi, tunayo ampuli chache hapa kituoni. Watu wa mtaani hawana. Sasa mfadhili anataka tumwonyeshe kwamba vifo vimepungua. Katika daftari letu mwaka jana vilikuwa vinne, mwaka huu viwili. Naweza kuandika kwamba vimepungua kwa nusu?

Jibu: Mama, usiandike hivyo. Sisemi kazi yenu haifai. Nasema namba hizo mbili hazitoshi kusema unachotaka ziseme, na ukizilazimisha zitakugeuka.

Chukua hao wanne na wawili. Tuseme hamkufundisha mtu yeyote, na eneo lenu kwa kawaida hupoteza watu wanne kwa mwaka. Vifo haviji kwa ratiba. Mwaka mmoja vitakuwa sita, mwingine vitatu, bila sababu yoyote. Ukipiga hesabu ya bahati nasibu, uwezekano wa kupata vifo viwili au chini yake katika mwaka ambao hakuna kilichobadilika ni karibu asilimia 24. Ni kama mwaka mmoja kati ya kila minne. Mtakwimu wa mfadhili ataliona hilo mara moja. Na mwakani vikirudi vitano, utaandika kwamba mafunzo yenu yameua watu?

Kuna hesabu nyingine inayofaa kumwonyesha mfadhili huyo. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Marekani, Coffin na Sullivan, walikadiria faida ya kugawa naloksoni kwa watumiaji wa heroini. Walipata kwamba kifo kimoja huzuiwa kwa kila vifurushi 227 vilivyogawiwa. Yalikuwa makadirio ya kompyuta, tena ya nchi nyingine na dawa nyingine, kwa hiyo usiichukue 227 ukaileta Katuba. Ila inakupa picha ya ukubwa wa jambo: watu mia na kitu, mwaka mmoja, bila naloksoni mikononi mwao. Hata kama mafunzo yenu ni mazuri kuliko yote nchini, hesabu ya vifo haiwezi kuonyesha.

Halafu kuna daftari lenyewe. Vifo vinne ni vile vilivyofika kituoni, au vile ambavyo reko walivisikia. Kijana akinywa vidonge vya tramadoli pamoja na pombe kali ya lutuku na vidonge vya usingizi vya Valiamu, akalala asiamke, nyumbani watasema ni moyo, au ni sumu, au ni watu wabaya. Maiti haipimwi damu. Wengine huzikwa bila karatasi ya daktari. Na hapa kuna mtego ambao watu wengi hawauoni: mkishafundisha, reko wenu wanakuwa macho zaidi, na vifo ambavyo zamani vingepita kimya sasa vinaandikwa. Mafunzo mazuri yanaweza kuongeza vifo vya daftarini. Ningeiona namba inayopanda katika mwaka wa kwanza bila kushtuka, na pengine ningeiamini kuliko inayoshuka.

Wenzetu wenye vipimo vya maabara na rejista kamili wameteseka na swali hilihili. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, Walley na wenzake walifuatilia miji 19 kati ya mwaka 2002 na 2009. Watu 2,912 walifundishwa na kupewa naloksoni, na matukio 327 ya kuokoa yaliripotiwa. Uzuri wa kazi ile ni kwamba hawakuishia kulinganisha kabla na baada. Waligawanya miji kwa kiwango cha mafunzo kulingana na idadi ya wakazi. Palipofundishwa kidogo, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 27 kuliko pasipofundishwa kabisa; palipofundishwa zaidi ya watu 100 kwa kila wakazi 100,000, pungufu kwa asilimia 46. Dozi ikiongezeka, matokeo yakaongezeka. Huo ndio ushahidi unaomfanya mtu mgumu aanze kutikisa kichwa cha kukubali.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mradi mkubwa wa kupunguza vifo vya afyuni, ulioitwa HEALing Communities, ulichukua jamii 67 katika majimbo manne ya Marekani, ukazigawa kwa kura, nusu zianze na nusu zingoje, kwa bajeti iliyozidi dola milioni 300. Matokeo yalitoka mwaka 2024: vifo 47.2 kwa kila watu wazima 100,000 kwenye jamii zilizoanza, na 51.7 kwenye zilizongoja. Kitakwimu, tofauti hiyo haikutosha kusemwa kuwa ni ya kweli. Fentanili, afyuni kali sana, ilikuwa imeingia, Kovidi ilichelewesha kazi, na muda wa kupima ulikuwa mwaka mmoja tu. Basi mfadhili akikudai upungufu wa vifo kwa mwaka mmoja, mwambie kwa heshima kwamba anakudai kitu ambacho mradi ule na mamilioni yake haukukipata.

Mfano wa tatu ni wa kaunti ya Wilkes, jimbo la North Carolina, Marekani. Vifo vilishuka kutoka 46.6 kwa kila watu 100,000 mwaka 2009 hadi 29.0 mwaka 2010, wakati wa mradi wa jamii. Inapendeza. Lakini mradi ulianzishwa kwenye kaunti ile kwa sababu hali yake ilikuwa mbaya kupita kiasi, na namba iliyopanda sana huwa na tabia ya kushuka yenyewe. Pengine mradi ulisaidia, na mimi binafsi naamini ulisaidia. Ila kwa namba hizo peke yake huwezi kutenganisha kilichofanywa na mradi na kilichojifanya chenyewe. Na ninyi mlianzia Katuba kwa nini? Kama ni kwa sababu mwaka jana vifo vilikuwa vingi kuliko kawaida, mko kwenye shimo hilohilo.

Kitu kimoja katika barua yako kimenisumbua kuliko hesabu: naloksoni iko kituoni, mtaani haipo. Ushahidi wa Massachusetts niliokutajia unahusu mafunzo pamoja na dawa. Mtu aliondoka darasani na naloksoni mfukoni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, linasema hivyohivyo: watu wanaoweza kushuhudia tukio wapewe naloksoni na wafundishwe kuitumia. Kwa hiyo huwezi kuazima matokeo ya Massachusetts ukayabandika kwenye ripoti yako. Mradi wenu ni mwingine. Wenu unasema: mshuhuda atatambua mapema, atasaidia pumzi, atamlaza ubavu, atamfikisha kituoni mgonjwa akiwa hai, na kituoni ampuli itakuwepo. Huo ni mnyororo, na kila pete unaweza kuipima hapo Katuba, kwa daftari na simu.

Nianze na pete ya kwanza, mtihani. Karibu wote walifaulu. Ndivyo inavyokuwa kila mahali. Mtu aliyekaa darasani asubuhi nzima atajibu vizuri mchana. Kuna dodoso linalotumika sana duniani, OOKS, lenye maswali 45 ya maarifa, na mwenzake OOAS lenye maswali 28 ya mtazamo. Yalitengenezwa London na kuchapishwa mwaka 2013. Ni mazuri, lakini yaliandikwa kwa watu wa heroini na sindano. Ukimuuliza kijana wa Katuba kuhusu sindano wakati yeye na wenzake wanameza vidonge, atabahatisha. Chukueni maswali yanayowahusu, myatafsiri kwa Kiswahili kinachosemwa hapa mjini, si cha redio ya Dar es Salaam, kisha mtu mwingine ayarudishe kwa Kifaransa ili muone kama maana imebaki.

Hata hivyo mimi ningetegemea mikono zaidi ya kalamu. Nimewahi kukaa kwenye darasa la namna hii. Baba mmoja alikuwa amejibu karibu kila swali sawasawa. Tukamlaza kijana mkekani, tukamwambia: huyu hasikii, anakoroma, anapumua kwa shida, fanya. Akamlaza chali, akakunja koti lake na kuliweka chini ya kichwa ili mgonjwa astarehe. Kidevu kikaingia kifuani. Kama ni mgonjwa wa kweli, njia ya hewa ingekuwa imezibwa kwa upendo mtupu. Kalamu haikuonyesha kosa lile, koti lilionyesha.

Kwa hiyo andaa orodha fupi ya kukagulia, na mkaguzi awe mtu ambaye hakufundisha darasa hilo. Amemwita na kumtikisa? Ameangalia kifua kinapanda? Ametuma mtu kutafuta pikipiki kabla ya kuanza kuhangaika peke yake? Ameinua kidevu na kupuliza pumzi kama mgonjwa hapumui? Amemlaza ubavu? Amekataa kumnywesha maziwa? Weka hilo la mwisho bila kukosa, kwa sababu maziwa na maji ya baridi ndiyo dawa ya kwanza ya kila nyumba, na aliyelegea akinyweshwa kitu kinaingia mapafuni. Pimeni siku ya mafunzo, kisha baada ya miezi mitatu, kisha sita. Alama ya mwezi wa sita ndiyo ya kuripoti. Ya siku ya kwanza inampima mwalimu zaidi ya mwanafunzi.

Kwa tramadoli ongezeni jambo. Dalili tatu za vitabuni ni kupoteza fahamu, pumzi kidogo au kutokuwepo, na mboni za macho kuwa ndogo kama kichwa cha pini. Tramadoli haifuati kitabu kila mara. Inaweza kumtupa mtu chini akitetemeka kama mwenye kifafa, na naloksoni huondoa sehemu tu ya madhara yake. Mliyemfundisha lazima ajue kwamba mtetemeko nao ni sababu ya kukimbilia kituoni, na kwamba hata mgonjwa akiamka baada ya sindano, bado anatakiwa kuangaliwa. Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90 hivi; vidonge vilivyo tumboni vinaweza kudumu kuliko hapo, na pumzi ikazama tena.

Pete ya pili: mliwafundisha akina nani? Hapa ndipo miradi mingi ya jamii huanguka, na ripoti zake zinaendelea kumeremeta. Uingereza ulifanyika utafiti ulioitwa N-ALIVE, wa kuwapa wafungwa naloksoni wanapotoka gerezani, ili kuzuia vifo vyao katika wiki za kwanza za uraiani. Ulisimamishwa mwishoni mwa mwaka 2014, kabla ya wakati, kwa sababu karibu theluthi mbili ya naloksoni iliyotumika ilikuwa imetumika kuokoa watu wengine, si mfungwa aliyepewa. Kwa swali lao ilikuwa hasara. Kwetu ni somo: anayetumia ndiye anayekaa karibu na mwingine anayetumia. Angalia orodha yako ya mahudhurio. Kama imejaa akina mama wa kwaya na wakuu wa avenue, mmefundisha watu wa heshima ambao huenda wasishuhudie tukio hata moja maishani. Wanaotakiwa ni vijana wenyewe, dada zao wanaolala chumba kimoja, wauza vidonge, wauza lutuku, watu wa teksi za pikipiki, wachimbaji wanaorudi mjini mwisho wa wiki.

Swali la kipimo ni jepesi. Kabla ya darasa, muulize kila mtu: katika miezi kumi na miwili iliyopita, umewahi kuwa mahali ambapo mtu alizidiwa na dawa? Ripoti asilimia ya waliosema ndiyo. Kwangu mimi namba hiyo ina thamani kuliko jumla ya waliofundishwa.

Pete ya tatu ni matukio yenyewe, na hapa ndipo ningeweka nguvu na pesa zenu zote. Msingoje watu waje kituoni kusimulia. Anayekuja kusimulia ni yule ambaye mambo yalimwendea vizuri. Aliyekimbia, au ambaye rafiki yake alimfia mikononi, haji. Pigeni simu kwa kila mtu aliyefundishwa, wote, baada ya miezi mitatu na sita, na mwandike pia ambao hamkuwapata. Maswali yawe machache: Uliona mtu amezidiwa? Alikuwa anapumua namna gani? Wewe ulifanya nini ya kwanza? Mlitumia muda gani kufika kituoni? Kituoni kulikuwa na naloksoni? Mgonjwa yuko wapi sasa?

Shirika la Afya Duniani na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya walifanya kazi ya namna hiyo, S-O-S, katika Kazakhstan, Kirgizia, Tajikistan na Ukraine. Zaidi ya watu 14,000 walifundishwa. Katika matukio waliyoyashuhudia, naloksoni ilitumika karibu mara tisa kati ya kumi, na karibu wote waliopewa walipona. Itaje hiyo kama mfano wa kipimo kinachowezekana katika nchi zisizo tajiri. Lakini usiteleze pale ambapo wengi huteleza: “asilimia 98 walipona” haimaanishi asilimia 98 waliokolewa na mafunzo. Wengi wanaozidiwa huamka hata bila msaada. Makadirio yanayotajwa sana kwa heroini ni matukio 20 hadi 30 yasiyoua kwa kila moja linaloua. Basi ripoti kilichofanyika: kati ya matukio haya, katika mangapi mshuhuda aliinua kidevu, katika mangapi alimlaza ubavu, katika mangapi alinywesha maziwa. Tabia iliyobadilika utaithibitisha. Maisha yaliyookolewa, kwa idadi hii, hutaweza.

Pete ya mwisho iko mikononi mwako. Kila Jumatatu hesabu ampuli za naloksoni, uandike tarehe za kuharibika. Siku ambazo sanduku lilikuwa tupu ziwe kwenye ripoti, hata kama zinaaibisha kituo. Mafunzo yanayoleta mgonjwa kwenye kabati tupu ni nusu ya kazi, na mfadhili anapaswa kuliona hilo kwa namba, pengine ndipo atakaponunua.

Kuhusu kulinganisha: kwa kuwa hamwezi kufundisha maeneo yote ya afya kwa mara moja, geuzeni udhaifu huo kuwa kipimo. Andikeni maeneo yaliyobaki, mpige kura mbele ya watu, yaingie moja baada ya jingine kila baada ya miezi kadhaa. Yanayongoja yapigiwe simu zilezile kwa watu wa aina ileile. Msianze na lenye hali mbaya kuliko yote; kura ndiyo iamue. Haigharimu kitu, na hakuna anayenyimwa, kwani wote watafikiwa.

Mawili ya haraka. Daftari la matukio lisiwe na majina wala namba za nyumba. Likiangukia mikononi mwa polisi mara moja, hakuna kijana atakayepokea simu yenu tena. Weka namba ya siri, na ufunguo wake ukae na mtu mmoja. Na jingine: chunguza kama maduka ya dawa yameanza kuwanyima tramadoli wagonjwa wenye karatasi ya daktari, mama aliyepasuliwa au mzee wa saratani. Kampeni za hofu huzaa hilo, na kwetu wenye maumivu tayari hupata dawa kidogo mno.

Vile vifo vinne na viwili usivifute. Viweke kwenye ripoti kama vilivyo, ueleze vilivyopatikana, na kwa kila kifo kinachosikika mtume mtu mpole, baada ya matanga, akaulize familia nini kilitokea saa zile za mwisho: nani alikuwepo, walifanya nini, kwa nini hawakuja. Hadithi mbili zilizoulizwa vizuri zitakufundisha nini cha kubadilisha darasani.

Kwa mfadhili ningeandika hivi, nawe urekebishe: “Idadi ya vifo katika eneo letu ni ndogo mno kuweza kupima mafunzo haya kwa mwaka mmoja. Tunapima kama waliofundishwa ni watu wanaoshuhudia matukio, kama baada ya miezi sita mikono yao bado inajua la kufanya, walifanya nini katika kila tukio, na kama kituo kilikuwa na naloksoni mgonjwa alipofika. Tunaomba pia fedha za naloksoni ya mtaani, kwa sababu ushahidi mwingi wa kupungua kwa vifo umetoka mahali ambapo waliofundishwa waliondoka nayo.” Akikataa, muombe mtakwimu wake azungumze nawe moja kwa moja. Wao huelewa haraka kuliko waratibu. Simu za miezi mitatu zianze sasa, kabla watu hawajabadilisha laini.